Palahala aliyefia kwenye lami: kisa cha kivuko kimoja kati ya Ipole na Koga

Ilikuwa Oktoba, kiangazi kimeshakolea, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Palahala jike, swala mkubwa wa misitu yetu, alikuwa amelala ubavu, kichwa juu ya lami, miguu ya nyuma kwenye bega la barabara. Upande wa juu manyoya yake yalikuwa safi, hudhurungi iliyokolea, tumbo jeupe kabisa. Tulipomgeuza tukaona mbavu za upande wa pili zimeingia ndani. Pembe ya kushoto ilivunjika shinani, ikarukia mtaroni. Niliweka kiganja kwapani mwake, na joto lilikuwa bado halijaisha.

Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa doria, na mzee mmoja mrina asali tuliyemkuta njiani akienda kukagua mizinga yake, tukampakia kwenye pikipiki. Sisi wawili ni askari wa wanyamapori wa kijiji, wale ambao watu wanatuita VGS. Eneo letu ni la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, wilayani Sikonge, na barabara ya lami inapita katikati ya maisha yetu ya kila siku.

Mzee alizunguka mzoga mara moja, akainama kuitazama pembe iliyobaki, kisha akasema, "Wanangu, huyu namjua. Pembe yake imejikunja kwa nje. Huyu ndiye aliyekuwa anatangulia."

Kwa palahala neno hilo ni zito. Kundi la majike na ndama huwa na jike mmoja mkubwa anayejua maji yalipo, majani yalipo na njia ya kwenda na kurudi. Dume mwenye eneo lake, yule mweusi tunayemsifia kwa pembe, halichagulii kundi njia. Njia iko kichwani mwa jike mzee, naye ndiye aliyekuwa mbele yetu juu ya lami.

Tukaanza kusoma ardhi. Vipande vya kioo cha taa vilitawanyika hadi hatua 20 mbele ya mzoga. Nyuma ya mahali alipogongwa hakukuwa na alama ya breki hata moja. Dereva hakumwona kabisa, au alimwona akiwa ameshachelewa. Kwenye vumbi la bega la barabara, upande wa magharibi, kulikuwa na nyayo za wenzake: kwato zimechongoka mbele, nyingi, zimekanyagana. Zilikuja hadi ukingo wa lami, zikasimama, zikageuka. Hakuna hata moja iliyoonekana upande wa pili.

Kila nikikumbuka asubuhi ile, nyayo zile zilizogeuka hunijia kabla ya mzoga. Mtu ukimwambia kwamba barabara inaathiri wanyama, moja kwa moja anafikiria mnyama aliyegongwa, kwa sababu huyo anaonekana na anaweza kupigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mnyama aliyefika ukingoni akaogopa akarudi hapigwi picha. Kwa miaka niliyotembea pori hili, naamini hasara iliyo kubwa zaidi iko kwa huyo wa pili.

Kwa nini hapo

Ukitoka Tabora kwenda kusini unapita Sikonge, unafika Ipole. Hapo njia zinagawanyika: moja inashika Rungwa kwenda Mbeya, nyingine inashika Koga kwenda Mpanda. Hii ya Koga ilikuwa ya udongo na changarawe kwa miaka yote ninayoikumbuka. Masika malori yalikwama kwenye mbuga za udongo mweusi siku mbili, tatu, abiria wanalala chini ya turubai na ndorobo wanawamaliza. Lami ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 Tabora na Mpanda zikaunganishwa, zaidi ya kilomita 340. Mjamzito aliyekuwa anabebwa kwenye trekta sasa anafika hospitali ya mkoa pale Kitete kwa saa chache. Dada yangu ni mmoja wao. Kwa hiyo nisieleweke kwamba naipinga barabara.

Lakini itazame ramani. Magharibi ya barabara kuna Ugalla, pori la akiba tangu miaka ya 1960, likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Mashariki na kusini misitu inaendelea kuelekea Inyonga na Rungwa. Kwa mnyama, pande hizi mbili ni nyumba moja, na barabara imepita sebuleni.

Mgeni akiingia miombo, huu msitu wetu, anashangaa haoni wanyama. Amezoea picha za Serengeti, nyumbu zaidi ya milioni moja wamejaa uwanja mzima. Huku udongo ni wa kichanga na umechujwa rutuba, na majani mengi yakikomaa huwa makavu, yana virutubisho vichache. Ardhi haiwezi kulisha makundi makubwa mahali pamoja. Palahala, korongo (yule swala, si ndege), kongoni, pofu na tandala wanaishi kwa kutawanyika na kutembea. Masika maji yako kila mahali, wanazama ndani ya msitu. Kiangazi madimbwi yanakauka, wanashuka kwenye mbuga na kandokando ya mito, Ugalla, Wala na Koga, au kwenye mabwawa yaliyobaki. Moto wa mapema, ule unaowashwa mwanzoni mwa kiangazi, ukipita, baada ya wiki chache majani mabichi yanachomoza kwenye majivu, na palahala na korongo wanayafuata hayo kutoka kiraka hadi kiraka.

Mnyama anayeishi hivi lazima avuke barabara, vinginevyo hapati malisho wala maji kwa wakati wake. Na kwa sababu ni wachache, kila anayekufa anapunguza kitu kinachoonekana. Ukiondoa palahala mmoja kwenye kundi la 15, halafu aliyeondoka awe ndiye kiongozi, huwezi kufananisha na nyumbu mmoja kati ya malaki.

Sasa kivuko chenyewe. Mbuga za huku zimejipenyeza msituni kama vidole vya mkono: uwanda wa majani na udongo mweusi, miti imesimama pembeni. Wanyama wenye kwato wanapenda kutembea pale msitu unapokutana na majani, wakila huku, wakijificha kule. Mhandisi akifika kwenye kidole cha mbuga anajenga tuta, anaweka kalavati maji yapite, anaendelea. Anafanya hesabu ya maji, na anaifanya vizuri. Njia ya wanyama inapita humohumo, lakini yeye hakupewa hesabu hiyo.

Shimo la moramu

Kuna jambo ambalo lilituchukua muda kuliona, na bila hilo kisa hiki hakielezeki. Barabara ya udongo nayo ilikatisha kidole hikihiki cha mbuga. Palahala walivuka hapo zamani, kiangazi, lakini si kila usiku. Kwa nini baada ya lami nyayo ziliongezeka?

Mkandarasi alichimba moramu, udongo wa changarawe wa kujengea barabara, upande wa magharibi, hatua kama 80 kutoka barabarani. Akachukua kifusi alichohitaji, akaondoka, shimo likabaki. Chini lina tabaka la udongo mgumu usiopitisha maji. Mvua za kwanza zilipokuja likajaa. Mei lilikuwa bwawa. Agosti, madimbwi ya msituni yameshakauka, lenyewe lilikuwa bado na maji. Oktoba lilibaki dimbwi la matope na maji ya kahawia katikati, na ukingo wake wote umekanyagwa na kwato: ngiri, nsya yule swala mdogo, kuro, swala pala, palahala. Palahala ni mnyama wa kunywa, hapendi kukaa mbali na maji. Ukimwekea maji hatua 80 kutoka barabarani, barabara inakuwa sehemu ya safari yake ya kila siku.

Na lami yenyewe ina maji yake. Mvua ikinyesha haiingii kwenye lami, inamwagika pembeni. Kwa hiyo ukanda mwembamba wa majani kando ya barabara unakuwa wa kijani wiki kadhaa baada ya pori lote kugeuka kahawia. Kwa mnyama aliyeshinda na majani makavu, mstari ule wa kijani ni chakula kizuri kuliko vyote vilivyo karibu.

Tukaunganisha. Kundi lilikunywa kwenye shimo usiku, upande wa magharibi. Upande wa mashariki kulikuwa na kiraka kilichoungua mwezi uliotangulia, majani mapya yamefika urefu wa kidole. Kati ya maji na majani kuna lami. Jike mkubwa alitangulia kama kawaida yake, wenzake wakasubiri kumfuata.

Sekunde chache za usiku

Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Kila sekunde linakula karibu mita 28. Dereva mwenye macho mazuri anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona kitu, kukielewa na kukanyaga breki, na tayari mita 42 zimepita. Mpaka gari lisimame, jumla ni karibu mita 100 kwenye lami kavu. Taa zikiwa zimeinamishwa hazimwonyeshi vizuri zaidi ya mita 60 hivi. Kwa maneno mengine, anaendesha ndani ya giza ambalo hana uwezo wa kusimama kabla ya mwisho wake. Akishuka hadi kilomita 50, jumla inakuwa kama mita 35, na hapo taa zinatosha. Kwa lori lenye mzigo umbali huo unaongezeka tena.

Mnyama naye ana shida yake. Macho yaliyoumbwa kuona kwenye mwanga hafifu yanapopigwa na taa kali yanapofuka kwa muda. Palahala hana desturi ya kukimbia kitu asichokielewa. Anasimama, anakigeukia, anakitazama. Simba akija, desturi hiyo ina maana, kwa sababu palahala anajilinda kwa pembe zake kuliko swala wengi. Mbele ya gari inamuua.

Zamani usiku ulikuwa wao. Barabara ya changarawe ilikuwa haipitiki kwa mwendo huo, na mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha. Mwaka 2023 Serikali ikaruhusu mabasi kutembea usiku, na ninaelewa kwa nini: mfanyabiashara anaokoa siku nzima, mgonjwa hangoji kupambazuke. Lakini wanyama wanaosumbuliwa na watu mchana huhamishia shughuli zao usiku, hilo linajulikana duniani kote, na sisi tunaliona kwenye nyayo. Walihamia usiku ili watukwepe. Sasa na usiku una taa.

Kila kwato na tabia yake

Watu husema "wanyama wanaogopa barabara" kama vile wanyama ni kitu kimoja. Tembea nasi asubuhi kwenye mchanga wa bega la barabara uone.

Ngiri anavuka mkia juu, watoto nyuma yake kwa mstari, na anakula majani ya pembeni bila wasiwasi. Nsya anakaa kichakani, anasubiri, halafu anapita kama mshale. Pongo tumemkuta anatumia kalavati la boksi mtaro ukiwa mkavu. Tuliona nyayo zake kwenye mchanga wa ndani, kwenda na kurudi, na kinyesi katikati. Palahala, korongo na pofu sijawahi kuona nyayo zao ndani ya kalavati. Shimo ni jembamba na refu, la giza, na mnyama wa majani marefu hataki kuingia mahali asipoona upande wa pili. Twiga ndiye anayenisikitisha kuliko wote. Anafika, anasimama juu ya tuta, shingo inaonekana kutoka mbali, anatazama kushoto na kulia kwa muda mrefu. Pikipiki moja ikipita tu, anageuka.

Kongoni walikuwa wakionekana kwenye mbuga hii mchana kabla ya ujenzi. Sasa nyayo zao tunazikuta zaidi ya nusu saa ya kutembea kutoka barabarani. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu kuwa hifadhi ya barabara. Hizo ndizo zinazohesabika kwenye karatasi. Kwa kongoni barabara ni pana kuliko hapo mara nyingi mno, kwa sababu anapima kwa masikio na pua, na anachosikia ni honi, injini na watu.

Nilipata nafasi ya kufika upande wa Kigoma, ile barabara inayokwenda Uvinza na kupita Malagarasi. Huko mnyama mwenye kwato anayenivutia ni nzohe, swala wa majini, kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matete. Bonde la Malagarasi na Muyovozi liliandikishwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Daraja la Kikwete pale lina urefu wa mita 275, na ukilitazama ukiwa chini unaona tofauti: nguzo zimesimama na nafasi kati yake ni ya wazi. Tuta la udongo lingefanya vingine, lingezuia maji upande mmoja na kukausha upande mwingine, na nzohe angepoteza matete yake bila kugongwa hata siku moja. Nilirudi Sikonge nikayatazama makalavati yetu kwa jicho jingine.

Mzoga na sufuria

Saa moja asubuhi watu walishafika. Wanawake na mabeseni, vijana na visu, watoto wamekimbia kabla ya shule. Siwalaumu. Ng'ombe wa mtu wakati ule ni mboga ya sikukuu, na hapa kulikuwa na mnyama wa kilo kama 200 amelala barabarani. Lakini kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hata akigongwa ni nyara ya Serikali. Ukikutwa na paja lake bila kibali unajibu mahakamani, na wapo waliofungwa kwa kipande kidogo kuliko hapo. Tukapiga simu, tukasimama mbele ya mzoga tukingoja maofisa, jua linapanda, majirani zetu wanatutazama kama wachoyo.

Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nyie mnatunyima, na gari lililoua limekwenda." Sikuwa na jibu. Dereva hakusimama. Akisimama anaogopa kesi, anaogopa faini, anaogopa kuachwa usiku porini na taa moja. Kwa hiyo hakuna anayeripoti, na kwa kuwa hakuna anayeripoti, kwenye daftari la ofisi yoyote ile barabara hii inaonekana salama. Naona hili ni kosa la mfumo linalorekebishika kirahisi: dereva apewe namba ya kupiga bila kujitaja, aseme tu ni wapi na mnyama gani.

Kuna wageni wengine waliokuja na lami. Zamani mwindaji haramu alitembea siku nzima kuingia na siku nyingine kutoka, mzigo kichwani. Leo pikipiki inamshusha saa nne usiku, tochi kali na mbwa wawili, na alfajiri nyama imeshafika mjini imefunikwa na magunia ya mkaa. Mkaa nao unafuata barabara. Mabani ya kukaushia tumbaku yanafuata barabara, na kila bani linataka kuni. Mifugo inayotafuta malisho inafuata barabara, inashuka kwenye mbuga zilezile. Mzee wetu mrina asali anasisitiza kwamba wanyama walianza kupungua kabla ya lami, kwa bunduki na kwa mashoka, na ana haki, yeye ndiye ameona miaka mingi kuliko sisi. Nikamwambia, "Sawa mzee, lakini hao wote sasa wamepewa usafiri." Akakubali kwa kichwa.

Tulichoomba, tulichopata

Tulichora ramani kwa mkono kwenye karatasi ya manila. Hatukuomba barabara ifungwe wala kilomita zote ziwekewe uzio. Tulionyesha sehemu tatu tu, vidole vitatu vya mbuga, kila kimoja si zaidi ya kilomita moja. Tuliomba matuta ya kupunguza mwendo mwanzoni na mwishoni mwa kila sehemu, majani ya kando yafyekwe kabla ya Agosti ili dereva aone pembeni na mnyama asivutwe na ule mstari wa kijani, na mashimo ya moramu yashughulikiwe.

Ofisa aliyetupokea alikuwa muungwana. Alisema matuta kwenye barabara kuu yanalalamikiwa na wenye mabasi na yanaharibu malori. Nikamtajia Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatisha hifadhi ile kwa kama kilomita 50, swala pala na nyati wamegongwa pale miaka mingi, na ndiyo maana kuna matuta, mwendo wa kupunguza na vibao. Mabasi yanapita na nchi inaendelea. Akajibu kwamba Mikumi ni hifadhi ya taifa, kwetu ni ardhi ya kijiji na jumuiya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mpaka uliochorwa ofisini unaamua mwendo wa gari, wakati mnyama anayevuka ni mmoja.

Tulipata kibao kimoja chenye picha ya swala. Kilikaa miezi miwili, kikang'olewa, nadhani kwa ajili ya chuma chakavu.

Kuna watu wanaotaka tuige nchi za nje. Kule Banff, Kanada, barabara kuu imezungushiwa uzio na kujengewa madaraja yenye majani juu na njia za chini ili wanyama wavuke, na migongano imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini uzio bila vivuko vya kutosha, kwenye pori kama letu ambalo mnyama anahitaji upande wa pili ili aishi hadi mvua, ungemaliza kongoni na palahala bila tone la damu kwenye lami. Na fedha za madaraja ya majani hatuna. Mwaka 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti kungekuwa kinyume cha mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilifurahi. Lakini palahala wa Sikonge hana mahakama wala watalii wa kumpigia kelele, na barabara yake imeshajengwa. Ana shimo la moramu.

Kwa hiyo tulianza na shimo, na hapa nataka anayefikiria kufanya vivyo hivyo asikilize. Tungeweza kulifukia palepale Oktoba, kwa hasira. Lingekuwa kosa. Miaka miwili wanyama walishazoea maji yale, na madimbwi mengine yalikuwa yameshakauka. Ungewaacha na kiu katikati ya kiangazi kikali kuliko vyote. Tulingoja masika. Msitu ulipojaa maji, kijiji kilitoa vijana, mtu mmoja mwenye trekta akajitolea, mafuta tukachangia, tukakata mfereji upande wa chini wa shimo ili lisishike maji. Wakati huohuo tulipanua dimbwi la zamani ndani ya msitu, mwendo wa nusu saa magharibi, ambalo wazee walikumbuka kwamba zamani lilikuwa halikauki hadi Septemba. Tulitoa tope, tukainua ukingo. Mzee mrina asali ndiye aliyetuonyesha pale maji yanapoingilia.

Moto nao tuliubadilisha. Kiraka cha mashariki, kile kilichowaita, tulikichoma mapema zaidi, Juni, pamoja na kiraka kingine upande wa magharibi karibu na dimbwi jipya. Hivyo majani mabichi na maji vikapatikana pamoja upande wa magharibi wakati wa ukame. Kuvuka bado watavuka, ni lazima wavuke, lakini si kila usiku.

Matuta hatujapata. Tumeandika tena barua, safari hii madereva watatu wa malori wameweka sahihi, mmoja wao aliyeharibikiwa rejeta kwa kumgonga kuro.

Oktoba iliyofuata nilirudi kwenye kivuko alfajiri, na mwenzangu yuleyule. Shimo lilikuwa kavu, sakafu imepasuka vipande kama vigae. Kwenye dimbwi la msituni tulishakuta nyayo za palahala siku tatu kabla, nyingi. Hapa barabarani tulikuta chache, za wanyama watano au sita. Zilikuja kutoka magharibi, zikafika ukingoni mwa lami. Mahali walipokuwa wamesimama kinyesi kilikuwa kimerundikana, kidogokidogo, juu ya kingine, dalili kwamba walingoja muda mrefu. Nikavuka kwenda upande wa pili na kuinama. Mwanga ulikuwa bado mdogo, nikawasha tochi.

Kulikuwa na nyayo za mmoja. Kwato zimezama sana mbele, alivuka kwa kukimbia. Hatua kumi ndani ya majani alisimama, akageuka kutazama alikotoka. Hao wengine hawakumfuata. Halafu nyayo zake zikarudi barabarani.

Mwenzangu alikata tawi la mtundu lenye majani, tukafagia mchanga wa pande zote mbili hadi ukawa laini, ili kesho tusome upya.